Magitaa Juu ya Duka la Misumari

Ukimwuliza Mtangazaji wimbo unasema nini, alikujibu kwa sentensi moja, nayo haikuwa ndefu. "Huyu kaachwa." "Huyu anataka kurudi kwao, nauli hana." "Huyu ana gari, analisifu." Hakueleza zaidi ya hapo, na hakuna aliyemdai zaidi. Kulikuwa na wimbo mmoja wa magitaa matupu, mrefu kiasi kwamba mtu aliweza kuwasha moto, akachemsha chai, akainywa, na wimbo bado uko njiani. Huo aliutambulisha hivi: "Huyu hana la kusema, lakini hana haraka ya kunyamaza." Tangu hapo mpiga gitaa yule tukamwita Asiye na Haraka, na Mtangazaji naye akalichukua jina hilo.

Kwa namna hiyo sisi wasikilizaji wake wa kisiwa cha Mafia tulizoea kuwachukulia waimbaji wa roki kama watu wazima wenye shida zao, ambao hupita kwa Mtangazaji kumweleza. Simu za mkononi zilipoenea, watu walianza kumtumia ujumbe. Kutoka kijiji cha Ndagoni uliingia huu: "Yule wa jana aliyeachwa, mwambie avute subira, wangu alirudi." Aliusoma hewani kwa sauti ileile aliyosomea bei ya nazi. Kisha akasema, "Nitamfikishia," akaendelea.

Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Kilindoni, kwenye barabara inayoteremka gatini. Chini, mkewe aliuza misumari, kamba, rangi za mashua, makufuli na vioo vya kandili. Juu, yeye alitangaza. Ngazi ya mbao iliyounganisha biashara hizo mbili ililia kila ilipokanyagwa, na msikilizaji mzoefu alijua kuna mgeni studio kabla hajakaribishwa. Mtangazaji alikuwa Mhindi wa Kilindoni, na Bara Hindi aliijua kwa ramani kama mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kuliko changu. Jina alikuwa nalo, lakini lilitumika serikalini tu. Hata msikitini aliitwa Mtangazaji.

Mimi nilimjua nilipomaliza kidato cha nne nikapanga chumba nyuma ya duka lake. Baadaye nilianza kuhamahama, Kilwa, Lindi, Tanga, Pemba, na kila niliporudi Mafia nilipitia kwake kwanza. Salamu yake haikubadilika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umerudi au unapita?"

Nikisema nimerudi, mkewe alicheka nyuma ya mizani ya misumari. "Mpeni kile kiti cha wanaopita," alisema.

Redio ilianza miaka ile hifadhi ya bahari ilipokuwa bado ngeni midomoni mwetu, na hoteli za wazamiaji zinaanza kuota Utende. Ulikuja mradi wa kutuelimisha. Mradi ulileta mtambo mdogo wa kurushia matangazo, mlingoti wa mabomba, kipaza sauti kimoja, na kanda za mafunzo kuhusu matumbawe, uvuvi wa baruti na maisha ya kasa. Walimchagua yeye kuwa mtangazaji kwa sababu jengo lake lilikuwa na ghorofa. Sifa nyingine hazikuulizwa. Mradi ulikuwa umefikiria kila kitu isipokuwa muziki. Kanda za kasa ziliisha mapema, zikarudiwa, zikarudiwa tena, mpaka watoto wakawa wanazighani wakienda chuo cha Kurani. Kisha mradi ukaondoka, ukaahidi kurudi kufanya tathmini. Mtambo ukabaki.

Hapo ndipo alipopanda ngazi na kasha la santuri zake za ujanani, alizonunua Dar es Salaam zama zile vijana wanavaa suruali pana za bugaluu na kuamriwa wazivue. Zote zilikuwa za roki. Baadaye Mzungu mmoja mzamiaji, akifunga nyumba yake Utende arudi kwao, alimwachia sanduku la sidii, nazo zote za roki ya zamani. Hivyo kisiwa cha minazi na pweza kikapata redio ya magitaa. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Redio za Dar zilitufikia na mikwaruzo, yake ilitufikia safi, na mtu husikiliza kinachosikika. Kijijini Kanga walifua nazi kwa ngoma za Ulaya. Nimewahi kuhudhuria kikao cha kusuluhisha mume na mke huku dirishani mtu analia kwa gitaa kwamba naye hakusuluhishwa.

Mradi ulipoondoka, matangazo ya hifadhi aliendelea kuyasoma. Aliyasoma kama alivyosoma kila kitu. "Hifadhi wanasema nyavu za macho madogo haziruhusiwi. Mmesikia. Sasa tumsikilize bwana mmoja aliyekatazwa kwenda kwa mchumba wake." Wavuvi wa dago, wale wanaotoka wilaya nyingine za pwani na kupiga kambi kwa msimu, hawakupenda. Mmoja alikuja dukani kununua kamba, akamkuta Mtangazaji ameteremka kupumzika.

"Wewe ni mtu wa hifadhi," yule mvuvi alimwambia.

"Mimi mtu wa misumari."

"Mbona unasoma maneno yao?"

"Juzi nilisoma mbuzi wako aliyepotea. Nimekuwa mtu wa mbuzi?"

"Mbuzi mwenyewe hakupatikana."

"Basi vuta subira. Huenda na hifadhi nyavu wanazozisaka hawazipati."

Mvuvi alinunua kamba. Watu wa hifadhi walipoipata hadithi hiyo, nao wakaja kumwuliza yuko upande gani. Aliwauzia rangi ya boti.

Usingemdhania mpenzi wa muziki. Hakutikisa kichwa, hakugonga meza, hakufumba macho. Alisikiliza mikono ikiwa magotini, kama mtu anayesubiri hukumu ya kesi ya shamba. Nyumbani hakutaka redio iwake akiwepo. "Muziki ni kazi," alisema. "Nani anarudi na kazi nyumbani?" Mkewe, mpenzi wa taarabu, alikuwa na redio ya betri jikoni, na alilazimika kuizima akisikia kikohozi cha mumewe mlangoni. "Huyu bwana muziki anauvua ngazini pamoja na viatu," alinilalamikia. Lakini chumba changu kilipakana na bomba lao la maji, na alfajiri nyingi nilimsikia akitawadha huku akiuguna kwa pua ule wimbo mrefu wa magitaa, akikosea mahali palepale. Akishakosea alianza upya. Sikumwambia mkewe.

Alikuwa na sheria kwamba wimbo haukatwi. "Mtu akishaanza kusema, mwache amalize," alisema. "Hata mwongo huachwa amalize." Umeme wa jenereta ya wilaya ukikatika katikati ya wimbo, aliungoja urudi na kuuanza wimbo toka mwanzo, hata kama umeme umerudi kesho yake. Siku moja alipanda afisa wa mifugo na tangazo la chanjo, akakuta Asiye na Haraka ndiyo kwanza ameanza.

"Mzee, hili la kwangu ni la haraka."

"Mbuzi wako wapi?"

"Wako vijijini."

"Wanatoroka?"

Afisa akakaa. Mkewe Mtangazaji akampandishia soda. Wimbo ulipokwisha, Mtangazaji akafungua kipaza sauti: "Nipo hapa na afisa wa mbuzi. Amesubiri kiungwana. Nanyi msikilizeni hivyohivyo."

Kilichotangulia muziki kilikuwa tanzia peke yake. Kwetu maiti hailali. Mtu akifa asubuhi Kilindoni, alasiri yuko kaburini, na nduguye wa kisiwani Chole asipopata habari kabla maji hayajatoka, mtumbwi utakaa juu ya tope naye atakuta udongo umeshapigwa. Na mtu aliyekosa maziko ya nduguye husemwa mpaka na yeye azikwe. Kabla ya redio, habari za msiba zilipelekwa kwa baiskeli, na baiskeli za Mafia mnazijua. Baada ya redio, mama aliyekuwa kondeni Kanga aliweza kusikia, akatupa jembe, akafika mazikoni na jasho lake.

Mtangazaji hakuwa na mzaha na tanzia. Mtu akipanda ngazi kuleta habari ya kifo, swali lilikuwa moja.

"Nani kamwona?"

"Wamesema kwamba—"

"Sikuuliza waliosema."

Kama mleta habari hakumwona marehemu kwa macho yake, aliteremshwa akamlete aliyemwona. Akisharidhika, alisoma jina, kisha lakabu, maana bila lakabu nusu ya kisiwa hawamjui mtu. Kisha jamaa zake walipo, kisha mahali pa kuzikia na baada ya sala gani. Alirudia mara mbili. Akimaliza aliacha kimya, kadiri ya mtu kuvaa kanzu. Halafu akaweka santuri, na dunia ikaendelea.

Mimi nilikuwepo siku alipokosea.

Habari ilimfikia kupitia redio za nje kwamba Asiye na Haraka amefariki kwao Ulaya. Hatukuwahi kuona picha yake. Mtangazaji naye hakuwa nayo, kwa sababu gamba la santuri ile lilikuwa na picha ya mlima. Alikaa nalo asubuhi nzima, kisha akafungua kipaza sauti. "Tunasikitika kutangaza kifo cha mpiga gitaa, tuliyekuwa tukimwita hapa Asiye na Haraka. Amefariki jana baada ya kuugua. Ameacha mke na watoto. Wote mliomfahamu, habari ndiyo hiyo." Akairudia, kama ilivyo ada. Akaacha kimya.

Hakusema anazikwa wapi. Hakujua. Sasa kwetu tanzia isiyotaja makaburi ina maana moja, kwamba msiba upo nyumbani kwa anayetangaza.

Ilipokaribia alasiri, pikapu kutoka Kanga ilisimama mbele ya duka. Waliteremka wanawake wamejifunga kanga zao za msibani, wakashusha nazi, mihogo na mzigo wa kuni. Aliyewaongoza alikuwa bibi mmoja mnene, kungwi wa kule, aliyezoea kusikilizwa. Mkewe Mtangazaji alisimama mlangoni na kopo la misumari mkononi.

"Poleni na msiba," bibi alisema.

"Msiba wa nani?"

"Wa Asiye na Haraka."

Mkewe akageuka akaitazama ngazi. Haikupita muda ikalia, na Mtangazaji akateremka.

"Bibi," alisema, "yule alikuwa mtu wa Ulaya."

"Tunajua. Kwani huko hawafi?"

"Sikuwahi kumwona."

"Si alikuwa anapiga gitaa hapo juu?"

"Ile ni santuri, Bibi."

"Santuri naijua, mimi si mtoto. Nakuuliza, umeanza lini kumsikiliza?"

"Tangu kijana."

"Una ndugu uliyemsikiliza muda wote huo?"

Mkewe alijibu kwa niaba yake. "Hana. Hata mimi hanisikilizi."

"Basi kafiwa," alisema bibi. "Mikeka iko wapi?"

Mikeka ikatandikwa barazani. Wanaume wa mtaani, walipoona mikeka, walikuja wakakaa, kwa sababu mtu haulizi sana palipotandikwa mikeka. Imamu alipita akitoka msikitini, akasimama.

"Marehemu alikuwa Muislamu?"

"Sijui, Sheikh. Alikuwa mpiga gitaa."

Imamu alilipima jambo hilo. "Basi tumwombee subira aliyefiwa," alisema, akavua viatu, akakaa, akaomba dua fupi. Uani, mkewe Mtangazaji alikuwa na sufuria. Nilimsikia akimwambia kungwi: "Maiti wa Ulaya, kuni za Kanga, mpishi mimi." Kungwi akamwambia akune nazi, aache maneno.

Walikaa mpaka magharibi. Mtangazaji alipokea mikono ya pole mmoja baada ya mwingine. Walimwuliza marehemu aliugua nini, akasema kifua, anavyodhani. Walimwuliza kama alikuwa na deni la mtu, akasema hajasikia. Kuna wakati niliona amejipangusa uso kwa pindo la shati. Alisema ni moshi, na ni kweli kuni za Kanga zilikuwa mbichi.

Tangu siku ile hakuna mpiga gitaa mwingine aliyekufa kwenye redio yetu. Najua sasa kwamba wengi wao walikuwa wakifa miaka hiyohiyo. Kwetu Mafia wao wote walibaki wazima, wakiachwa, wakikosa nauli, wakisifu magari.

Nadhani ulipita muda mrefu kabla radi haijapiga mlingoti. Ilikuwa masika, na mtambo uliungua ukatoa harufu iliyoteremka mpaka kwenye rangi za mashua. Vipuri vyake havikuwa vikitengenezwa tena popote. Redio ikanyamaza. Ndipo akaja kijana mmoja kutoka Dar, mwekezaji, mwenye viatu vyeupe na adabu nzuri, akasema atafunga mtambo mpya na kuichukua redio. Mkutano uliitishwa ukumbini. Wakati huo nilikuwa nimerudi, au napita, nikaenda.

Ukumbi ulijaa. Vijana walikaa mbele kwa kuwa walitaka bongo fleva na mpira, na walijua watapewa. Wazee walikaa nyuma. Wote tulikwenda kuona jambo moja, namna Mtangazaji atakavyoyapigania magitaa yake. Watu walikuwa wamebishana sokoni tangu asubuhi, kama atalia au atamtukana mtu.

"Mzee wangu," mwekezaji alianza, "tunaheshimu sana kazi uliyoifanya. Ila mambo yamebadilika. Roki haina tena wasikilizaji."

"Chukua," alisema Mtangazaji.

"Nichukue nini?"

"Muda wa roki. Chukua wote. Mimi nataka robo saa baada ya adhuhuri, ya tanzia."

Mkewe, aliyekaa karibu yangu, alisema taratibu, "Huyu mtu mgonjwa." Mwekezaji naye alionekana kama mtu aliyesukuma mlango ambao haukufungwa.

"Lakini Mzee, siku hizi vifo viko kwenye magrupu ya simu. Maiti hajapoa, habari zimeshafika Dubai."

"Simu inamwambia mwenye simu. Aliye shamba, aliye dago, bibi asiyejua herufi, hao nani anawaambia?"

"Hao ni wachache."

"Maiti naye ni mmoja," alisema Mtangazaji. "Anawataka haohao wachache."

Mwekezaji alianza kueleza ratiba, na matangazo ya biashara, na kwamba saa za adhuhuri ndizo zenye wasikilizaji wengi. Alieleza vizuri. Mtangazaji alikaa, mikono magotini. Sijawahi kumwona mtu aliyekaa vile akishindwa, na nadhani mwekezaji aliliona hilo pia. Toka nyuma kungwi wa Kanga alipaza sauti: "Mpe robo saa yake, mwanangu. Ndugu zetu wote tumewazika kwa sauti ya huyu. Na wewe ukifia huku utaihitaji."

Watu wakacheka, mwekezaji akacheka nao, akakubali. Aliweka sharti moja. Kwenye redio yake hewa isikae kimya. Redio ikinyamaza, msikilizaji anahama.

"Na siku ambayo hakuna aliyekufa?" Mtangazaji aliuliza.

"Jaza unavyojua, Mzee. Mradi isikae kimya."

Hilo nalo lilichekwa. Mtangazaji hakucheka. Alisimama, akampa mwekezaji mkono, akaenda dukani kwake kumsaidia mkewe kushusha mabati. Nilimfuata nikamwuliza kwa nini hakuyatetea magitaa.

"Magitaa hayajazika mtu," alisema, akanipa ncha ya bati nishike.

Niliondoka tena. Safari hiyo niliishia Mtwara, nikakaa zaidi ya nilivyopanga, na niliporudi Kilindoni mwaka huu nywele zangu zilikuwa zimeanza kunisaliti. Redio ilikuwa inasikika kila kibanda. Watangazaji wawili wa Dar walikuwa wanachekeshana wenyewe. Duka lilikuwepo palepale. Mkewe amezeeka vizuri, ila sasa anaandika bei kwa herufi kubwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi au unapita?"

"Napita."

"Leo umesema kweli. Panda, yuko juu, anaita watu."

Sikuelewa, na yeye hakuwa na haraka na mimi, maana dukani hapakuwa na mteja. Akanieleza. Mtangazaji ana robo saa yake mpaka leo. Pakiwa na msiba anasoma tanzia, anarudia, na muda uliobaki anauacha kwa kisomo cha Kurani. Pasipokuwa na msiba, akishapigia simu kila kijiji akahakikisha, anapiga santuri moja. Ni hiyo tu, na gitaa halisikiki Mafia saa nyingine yoyote.

"Na anakaa roho juu," mkewe alisema. "Msimu uliopita alikuwa ameshaweka wimbo, uko katikati, simu ikalia. Mtu kafa Chole, na maji yanatoka. Mwanangu, nilisikia sindano ikinyanyuliwa. Maisha yangu yote sijasikia sindano ile inanyanyuliwa wimbo haujaisha. Nilidhani kafa yeye. Nikapanda mbio na mguu huu." Akanionyesha mguu. "Namkuta anasoma, sauti ileile. Watu wa Utende wakawahi mtumbwi wa kuvukia."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza nani yuko dukani."

Nilipanda. Ngazi bado inalia. Chumba kimejaa mitambo mipya yenye taa, inayojiendesha yenyewe. Pembeni, juu ya meza yake ya zamani, palikuwa na mashine ya santuri, sindano ikiwa juu. Taarifa ya habari ya Dar ilikuwa inasomwa. Alinyoosha kiganja nisiseme, maana alikuwa kwenye simu.

"Kanga?"

Sauti ya mwanamke ilijibu: "Tupo, Mzee."

"Wote?"

"Wote. Yule wa kwa mjomba kaamka."

Akakata, akapiga nyingine. "Chole?"

"Tupo. Babu wa jirani anaumwa lakini kanywa uji."

"Mzito?"

"Mzito."

"Vizuri." Akakata. Ndipo akanitazama, akanipa mkono bila kuniuliza swali lake la siku zote, nikajua mkewe keshauliza. Amekonda. Shingo imekuwa ndogo kuliko kola.

Alipiga Ndagoni. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Kule Dar msomaji alikuwa amefika kwenye hali ya hewa, bado mpira, kisha zamu ya Mtangazaji. Aliiweka simu mezani, akaitazama.

"Usipompata mtu wa Ndagoni?" niliuliza.

"Sisemi hakuna, wakati sijui."

"Utajaza nini?"

"Kisomo."

Nilitaka kumchokoza kidogo, kama zamani. "Kwa hiyo Mzee siku hizi unaombea watu wasife, upate kupiga gitaa."

Alilifikiria. "Wewe unawaombea wafe?"

Santuri ilikuwa imeshawekwa, imefutwa vumbi. Nikaona mkono wake umeondoka gotini, unakaa ukingoni mwa meza, unarudi gotini. Msomaji wa Dar alikuwa anataja timu ya pili, halafu ya tatu. Simu ikalia.

"Mzee, samahani," alisema kijana, pumzi juu. "Nilikuwa pwani, simu iko nyumbani."

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Umewaona?"

"Nimepita kwa wote, ndiyo maana nimechelewa. Wazima."

"Haya. Pumzika."

Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji alisogeza kipaza sauti. "Hapa Kilindoni," alisema. "Leo hakuna tangazo." Akateremsha sindano. Ilikuna kidogo, kisha gitaa likaingia, na nyuma yake ngoma, kelele tupu, muziki ambao ukiupiga barazani kwa mtu utaulizwa una nini. Yeye alikaa kama anavyokaa.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia redio ya jirani ikiongezwa sauti, kisha ya kibanda cha mbele, kisha nyingine chini kuelekea gatini. Hakuna aliyecheza. Mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo ya samaki alipunguza mwendo, akasikiliza kidogo, akaendelea. Dukani alikuwa ameingia mteja. Sauti yake ilipanda na ngazi.

"Leo wote tupo," alisema.

"Tupo," mkewe Mtangazaji alimjibu. "Unataka ya inchi ngapi?"